Mtuhumiwa Ndani ya Damu

*Simulizi ya kweli ya wikiendi*

SEHEMU YA KWANZA

Mwanamke aliyelazwa Hôtel-Dieu, hospitali kongwe ya mji wa Lyon nchini Ufaransa, alikuwa na umri wa miaka 45. Alianza kwa kuumwa kichwa kusikokatika, huzuni nzito na uchovu wa mwili mzima. Kisha mkojo ukagoma kutoka. Miguu ikalegea, ikaacha kumtii. Macho nayo yakafuata: nuru ikapungua, ikazidi kupungua, mpaka akawa haoni kabisa. Wiki chache baadaye akafariki.

Daktari wake aliitwa Eugène Devic. Kilichomsumbua hakikuwa kifo peke yake, maana vifo alikuwa ameviona vingi. Kilichomsumbua ni ramani ya maradhi yale. Neva za macho ziko mbele, nyuma tu ya mboni. Uti wa mgongo uko kule chini. Katikati kuna ubongo mzima ambao ugonjwa uliupita bila kuugusa sana. Ni adui gani huyu anayechagua namna hiyo?

Mwaka 1894 Devic aliwasilisha kisa hicho mbele ya madaktari wenzake, na mwanafunzi wake Fernand Gault akakifanya kuwa tasnifu, akikusanya na visa vingine vilivyokuwa vimeandikwa huku na kule. Ugonjwa ukapata jina refu, neuromielitisi optika, ingawa wengi wakauita tu ugonjwa wa Devic.

Ili tuelewane huko mbele, ndugu msomaji, nieleze kidogo kilichoharibika mle ndani. Neva ya jicho ni kifungu cha urefu wa sentimita 5 hivi, chenye nyuzi zaidi ya milioni moja. Kila unachokiona hupita humo kwenda kwenye ubongo. Nyuzi zimevikwa mafuta yaitwayo mayelini, ambayo huwezesha taarifa kukimbia. Pembeni yake wako walezi: seli zenye umbo la nyota, astrosaiti, zinazokumbatia mishipa midogo ya damu kwa ncha za miguu yake, zinazopima maji na chumvi na kuzilisha nyuzi. Kwa miaka mingi hakuna aliyewatilia maanani walezi hao. Macho ya wataalamu yote yalikuwa kwenye mayelini, kwa sababu mayelini ndiyo iliyoonekana imechubuka.

Kosa hilo liligharimu watu. Kuna ugonjwa mwingine unaochubua mayelini, maltipo sklerosisi, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ugonjwa wa Devic ulihesabiwa kuwa tawi lake. Ilipopatikana dawa ya interferoni beta, wagonjwa wa Devic nao wakachomwa sindano hizo hizo. Dawa iliyomtuliza jirani wa kitanda cha pili ikawa inamzidishia huyu: jicho lililobaki likafifia, miguu ikalegea upya.

Dawa moja, magonjwa mawili, matokeo yanayopingana. Hapo ndipo baadhi ya madaktari walipoanza kuamini kwamba wanamsaka mtu asiye mhusika. Na katika maabara moja ya Marekani, kwenye vipande vya ubongo wa panya, kulikuwa na kitu kinachong'aa mahali ambapo hakikutakiwa kung'aa.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA PILI

*Ilipoishia: ugonjwa wa Devic umechanganywa na mwingine kwa miaka mingi, na dawa zinawaumiza wagonjwa. Sasa endelea.*

Mji unaitwa Rochester, jimbo la Minnesota, na hospitali ni Mayo Clinic. Vanda Lennon, bingwa wa kingamwili, aliongoza maabara iliyopokea damu kutoka kila pembe. Kazi ilikuwa ya kujirudia. Unachukua kipande chembamba cha ubongo wa panya, unakidondoshea majimaji ya damu ya mgonjwa, unasubiri, unaosha. Ukiona kitu kimebaki kimeng'ang'ania, maana yake damu ile ina kingamwili inayoitambua tishu ya ubongo. Unaongeza rangi inayong'aa, unakiweka chini ya hadubini maalumu, unazima taa ya chumba.

Kingamwili, tukumbushane, ni silaha halali ya mwili. Hutengenezwa dhidi ya vijidudu, kila moja na shabaha yake. Balaa huanza pale shabaha inapokuwa kiungo cha mwenye mwili.

Mle gizani, damu nyingi haziachi alama yoyote. Chache ziliacha alama ya aina yake: mistari myembamba ya kijani ikifuata mishipa midogo ya damu, na utepe kwenye utando unaoufunika ubongo. Si kwenye mayelini. Kati ya damu za watu wapatao 85,000 zilizokuwa zimeletwa kupimwa mambo mengine, alama hiyo ilijitokeza kwa watu 14 tu.

Lennon alikuwa na mwenzake hapo hapo Mayo, Brian Weinshenker, aliyekuwa akifuatilia wagonjwa wa Devic. Damu za wagonjwa wake zikapimwa. Wataalamu wa Japani, akiwemo Kazuo Fujihara, wakaleta damu za wagonjwa wao, kwa kuwa huko kulikuwa na watu wengi waliougua macho na uti wa mgongo wakaambiwa ni maltipo sklerosisi. Majibu yalichapishwa mwaka 2004. Katika wagonjwa 45 wa Devic, 33 walikuwa na alama ile. Wagonjwa wa maltipo sklerosisi ya kawaida hawakuwa nayo.

Hivyo mtuhumiwa akapatikana. Lakini alikuwa ameshika nini?

Jibu lilipatikana mwaka uliofuata, na lilitokana na kazi ya watu ambao hawakuwa wakiwaza macho hata kidogo. Peter Agre wa Johns Hopkins alikuwa amegundua protini za kupitisha maji kwenye kuta za seli, akapewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2003. Zinaitwa akwaporini. Ya nne katika ukoo huo, akwaporini-4, imejaa kwenye ncha za miguu ya astrosaiti, pale pale zinapokumbatia mishipa ya damu. Alan Verkman wa San Francisco naye alikuwa amezalisha panya wadogo wasio na akwaporini-4 kabisa, ambao walitumika kuchunguza jinsi ubongo unavyovimba. Maabara ya Lennon ilipodondosha damu ya wagonjwa kwenye tishu za panya hao, mistari ya kijani haikuonekana. Ondoa akwaporini-4, na kingamwili haina cha kushika.

Kwa hiyo aliyeshambuliwa ni mlezi. Zaidi ya miaka 100 watu walikuwa wakiichunguza mayelini, kumbe nyumba ilivunjwa kupitia chumba cha pili.

Ingekuwa rahisi kufunga jalada hapo. Ila wanasayansi wa kinga wana sharti lao gumu, na nawashukuru kwa ugumu wao: kukutwa eneo la tukio hakumfanyi mtu kuwa muuaji. Kingamwili nyingine hutokea baada ya uharibifu, mwili ukiitikia takataka za seli zilizokwisha kufa. Ili kutoa hukumu, sharti umchukue mtuhumiwa, umwingize katika mwili mzima usio na ugonjwa, uone kama atatenda kosa lile lile.

Jaribio la namna hiyo lilishawahi kufaulu. Mwaka 1975 Klaus Toyka na Daniel Drachman walichukua kingamwili za wagonjwa wa miasthenia, ugonjwa unaolegeza misuli, wakazichoma kwa panya wadogo. Panya wakalegea. Hukumu ikapita bila ubishi.

Sasa kingamwili za wagonjwa wa Devic zikachujwa, zikachomwa kwa panya wazima wa afya. Watafiti wakasubiri panya wapofuke, wakasubiri miguu ilegee.

Panya wakaendelea kula, kunywa na kukimbia. Hawakuwa na kasoro hata moja.

*Je, mtuhumiwa alionewa? Usikose Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA TATU

*Ilipoishia: kingamwili zimechomwa kwa panya wazima, na hakuna kilichotokea. Sasa endelea.*

Lazima turudi nyuma, hadi Paris ya mwaka 1885. Louis Pasteur alianza kuwachanja watu walioumwa na mbwa wenye kichaa, kwa chanjo iliyotengenezwa kutoka uti wa mgongo wa sungura. Chanjo iliokoa maisha mengi. Lakini baadhi ya waliochanjwa walipooza, na haikuwa kwa kichaa cha mbwa.

Thomas Rivers wa Taasisi ya Rockefeller, New York, alitaka kujua kwa nini. Mwaka 1933 yeye na wenzake waliwachoma nyani sindano za ubongo wa sungura, tena na tena, ubongo usio na kirusi chochote. Baadhi ya nyani wale walipooza, na katika bongo zao kukakutwa mayelini imechubuka. Mwili ulikuwa umefundishwa kuichukia tishu ya ubongo. Tangu siku hizo, maabara duniani zimeutumia ugonjwa huo wa kutengenezwa, kwa panya hasa, kuchunguza jinsi kinga inavyoasi.

Jambo moja katika ugonjwa huo ndilo lililokuwa ufunguo. Ubongo, uti wa mgongo na neva za macho zina ulinzi wa pekee: mishipa yao ya damu imezibwa barabara, na kingamwili kwa kawaida hazipiti kirahisi. Misuli haina ulinzi huo, ndiyo maana kingamwili za miasthenia zilifika kwenye misuli bila kizuizi. Lakini panya akifanyiwa ugonjwa wa Rivers, seli zake nyeupe za aina ya T hulegeza kizuizi kile. Mlango hubaki wazi kwa muda.

Mwaka 2009 makundi kadhaa yalifikia wazo hilo karibu kwa pamoja. Huko Vienna, Monika Bradl na Hans Lassmann walichukua panya wakubwa, aina tofauti na panya wadogo wa Verkman, wakawatia kwanza ugonjwa hafifu wa seli T, kisha wakawachoma kingamwili za wagonjwa wa Devic. Safari hii tishu zilisema. Kuzunguka mishipa ya damu, astrosaiti zilikuwa zimetoweka na akwaporini-4 haipo. Kisha wakafanya jambo ambalo mimi naliona ndilo zuri kuliko yote: wakazisafisha kingamwili kwa kuzipitisha kwenye seli zenye akwaporini-4, zile zenye shabaha hiyo zikanasa humo, wakachoma mabaki. Uharibifu ule ukapungua.

Upande wa pili wa bahari, huko Colorado, Jeffrey Bennett na wenzake walikwenda hatua moja mbele. Damu ya mgonjwa ina kingamwili za kila namna, na mtu mbishi angeweza kusema kwamba muuaji ni mwingine aliyejificha kwenye mchanganyiko. Basi wakachukua maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa aliyekuwa katika siku za mwanzo za ugonjwa, wakatenga seli zinazotengeneza kingamwili, moja moja, wakasoma maelekezo ya kijenetiki ndani ya kila seli, na kutokana na maelekezo hayo wakatengeneza kingamwili upya maabara. Safi, ya aina moja, yenye shabaha moja. Wakaichoma kwa panya wakubwa wenye mlango uliolegezwa. Vidonda vya Devic vikatokea.

Kwa hiyo mtuhumiwa hakuonewa. Alikuwa tu nje ya nyumba, akisubiri afunguliwe.

Hili si jambo dogo kwa mgonjwa. Mtu anaweza kutembea na kingamwili hiyo damuni kwa miaka bila kujua, kisha pakatokea kitu kinacholegeza kizuizi, na ndani ya siku chache jicho likafifia.

Bado palikuwa na shimo katika ushahidi. Vidonda hivyo vilitokea ndani ya panya ambaye tayari alikuwa mgonjwa wa kitu kingine. Wakili wa utetezi angeuliza: mmejuaje kuwa seli T si ndizo zilizoua? Ilitakiwa kuondoa seli T kwenye hesabu kabisa, kupeleka kingamwili moja kwa moja ndani ya ubongo wa mnyama mzima kwa sindano.

Panya mdogo ndiye aliyefaa, kwa kuwa ndiye ambaye jeni zake zilikuwa zimechezewa kwa kila namna, wakiwemo wale wa Verkman wasio na akwaporini-4. Sindano ikaingia hadi kwenye ubongo wenyewe. Kingamwili ikafika ilipotakiwa na kuishika shabaha yake.

Na kwa mara ya pili, hakikutokea chochote cha maana.

*Itaendelea.*

SEHEMU YA NNE

*Ilipoishia: kingamwili imeshika shabaha ndani ya ubongo wa panya mdogo, lakini hakuna uharibifu. Sasa endelea.*

Kingamwili haiui kwa mkono wake. Huweka alama, kisha huita wauaji. Wa kwanza kuitwa ni kundi la protini za damu liitwalo komplementi. Protini ya kwanza hukaa juu ya kingamwili, huiamsha ya pili, ya pili huiamsha nyingine, mpaka za mwisho zinaungana na kutengeneza tundu kwenye ukuta wa seli. Tundu moja seli huweza kuliziba. Yakiwa mengi, astrosaiti inakuwa kama karai lililotobolewa misumari: maji yanaingia na kutoka bila mpango, na seli inakufa.

Komplementi ya panya mkubwa huitikia wito wa kingamwili ya binadamu. Ya panya mdogo haiitikii ipasavyo, na katika damu yake kuna vitu vinavyoizuia. Silaha ilikuwa imeelekezwa, ila haikuwa na risasi.

Samira Saadoun na Marios Papadopoulos wa London, pamoja na Verkman, walipata suluhisho na kulichapisha mwaka 2010: wakachanganya kingamwili za wagonjwa na komplementi ya binadamu, wakazichoma pamoja katika ubongo wa panya wadogo. Ndani ya saa 12 mayelini ilikuwa imeanza kuvurugika na nyuzi kuumia. Siku ya 7, seli nyeupe zilikuwa zimefurika, astrosaiti hazipo, mayelini imevuliwa. Panya wasio na akwaporini-4 walichomwa dozi ile ile, wakabaki salama. Seli T hazikuhusishwa.

Lakini huo ulikuwa ubongo. Mwanamke wa Lyon alipofuka, na hadi hapo hakuna aliyekuwa ameonyesha kwa namna hiyo jinsi neva ya jicho lenyewe inavyovunjwa.

Kundi la Verkman, safari hii pamoja na Bennett, lilijaribu njia kadhaa. Walichoma ndani ya jicho. Walichoma nyuma ya jicho. Walichoma mara moja karibu na mahali ambapo neva mbili za macho hukutana na kupishana chini ya ubongo. Kingamwili ilionekana imekaa juu ya shabaha yake, na madhara yakawa kidogo tu. Neva ya jicho haikuvunjika kwa pigo moja.

Ndipo wakabadilisha muda badala ya mahali. Fikiria kichwa cha panya mdogo, kisichofika ukubwa wa kidole gumba. Mrija mwembamba umeingizwa kupitia fuvu hadi karibu na makutano yale ya neva. Mrija umeunganishwa na pampu ndogo sana, na kutoka humo mchanganyiko wa kingamwili na komplementi unadondoka polepole, usiku na mchana, kwa siku 3 mfululizo.

Neva zilipokatwa vipande na kupakwa rangi, picha nzima ya ugonjwa ilikuwa hapo, na majibu yakachapishwa mwaka 2014. Akwaporini-4 imetoweka. Alama za astrosaiti zimetoweka pamoja nayo. Komplementi iliyoamshwa imeganda juu ya tishu. Seli nyeupe zimevamia. Mayelini imevuliwa, na nyuzi, zile zinazobeba picha ya dunia, zimeumia. Panya wasio na akwaporini-4, waliomiminiwa vile vile, neva zao zilikuwa nzima.

Nataka ukae na mpangilio huo kidogo, maana ndio kiini cha simulizi yote. Seli zinazotengeneza mayelini hazina shabaha hiyo. Kingamwili haikuwa ikizitafuta. Zilikufa kwa kuwa walezi wao walikufa, na kwa kuwa seli nyeupe zilizoitwa na moshi wa komplementi zilimwaga sumu zao ovyo. Mayelini, iliyoshtakiwa na kuchunguzwa zaidi ya miaka 100, ilikuwa mpita njia aliyepigwa risasi isiyo yake.

Swali la Devic sasa lilikuwa limepata sehemu kubwa ya jibu. Ila kuna kitu hakikukaa sawa. Akwaporini-4 haiko kwenye neva za macho na uti wa mgongo peke yake. Iko kwenye figo. Iko tumboni. Iko kwenye misuli. Kingamwili inazunguka na damu mwili mzima, na figo haina kizuizi kama cha ubongo.

Kwa nini basi mgonjwa wa Devic haharibikiwi figo?

*Jibu lake ndilo lililozaa dawa. Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA TANO

*Ilipoishia: shabaha ile ile iko kwenye figo na misuli, lakini huko hakudhuriki. Sasa endelea.*

Seli za mwili zina walinzi dhidi ya komplementi. Mmoja anaitwa CD59, na kazi yake ni kuzuia lile tundu la mwisho lisikamilike. Kwenye figo, tumbo na misuli, walinzi wa aina hiyo wamekaa bega kwa bega na akwaporini-4. Kwenye ncha za miguu ya astrosaiti hawakukaa karibu namna hiyo. Panya wadogo waliozalishwa bila CD59 walipopewa kingamwili na komplementi, uharibifu wa uti wa mgongo ukawa mrefu na mbaya zaidi. Ongeza na hili: pale neva inapoanzia nyuma ya jicho, mishipa midogo ya damu haina kizuizi kilichokamilika. Neva ya jicho ina shabaha tele, walinzi wachache, na uwazi mlangoni.

Sasa tazama walichotufundisha panya wale waliokataa kuugua. Wa kwanza walikataa kwa sababu ya kizuizi. Wa pili walikataa kwa kukosa komplementi. Wa tatu kwa kukosa shabaha. Kila kukataa kulionyesha kiungo kimoja kinachoweza kukatwa, na mtu akikata kiungo, mnyororo unaanguka.

Dawa ya eculizumab huzuia komplementi karibu na hatua ya mwisho, kabla tundu halijaundwa. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 143 wenye kingamwili hiyo, na matokeo yakatoka mwaka 2019. Katika kundi lililopewa maji matupu, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 43 ya watu. Katika kundi la dawa, asilimia 3. Ni nadra sana kuona tofauti kama hiyo katika magonjwa ya neva. Mwaka huo huo Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa ugonjwa huu, na mwaka 2020 zikafuata mbili nyingine: inebilizumab, inayoondoa seli za ukoo unaotengeneza kingamwili, na satralizumab, inayokata mawasiliano yanayozichochea.

Bei ya eculizumab huko Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa zaidi ya dola 500,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Naandika tarakimu hiyo nikiwa na uchungu, kwa sababu ugonjwa huu unatuhusu. Kisiwani Martinique, ambako wakazi wengi wana asili ya Afrika, wagonjwa ni takriban 10 katika kila watu 100,000, kiwango kikubwa kuliko cha Wazungu. Kwa kila mwanamume mwenye kingamwili hiyo kuna wanawake wapatao tisa. Wengi wako katika umri wa kulea na kufanya kazi.

Ipo rituximab, ya zamani zaidi na nafuu zaidi, nayo hufyeka seli za ukoo huo. Katika jaribio moja la Japani lililochapishwa mwaka 2020, watu 19 waliopewa dawa hiyo hakuna hata mmoja aliyerudiwa na ugonjwa. Kati ya 19 wasiopewa, 7 walirudiwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu, ingawa kwa maltipo sklerosisi. Kwa hospitali zetu hiyo ni njia inayopitika, mradi ugonjwa utambuliwe mapema. Na kuutambua kunaanza na maswali yasiyohitaji mashine.

"Shikamoo mama. Hilo jicho, ukilizungusha linauma?"

"Marahaba mwanangu. Linauma sana. Na kitenge changu chekundu nakiona kama kimepauka."

"Kabla ya hapo, uliwahi kupata kwikwi au kutapika kwa siku nyingi bila sababu?"

Daktari kijana anayeuliza swali hilo la mwisho anastahili heshima. Kwenye shina la ubongo kuna eneo linaloratibu kutapika, lenye akwaporini-4 nyingi na kizuizi hafifu cha damu, na mara nyingine kingamwili hupiga hapo kwanza. Mama wa namna hiyo hutibiwa vidonda vya tumbo kwa wiki kadhaa, kisha anaamka asubuhi jicho moja haliioni dirisha. Akipewa steroidi za mshipa mapema, na damu yake ikipimwa, nuru inaweza kuokolewa.

Damu ya mama yule inapelekwa kupimwa. Na kwa sehemu ya wagonjwa wa namna yake, jibu hurudi hivi: kingamwili dhidi ya akwaporini-4 haipo.

Neva imevimba. Maumivu ni yale yale. Kipimo kinasema mtuhumiwa wetu hakuwepo.

Wakati Lennon akitazama mistari yake ya kijani, huko Boston kulikuwa na panya wadogo wa ajabu katika maabara ya Vijay Kuchroo. Estelle Bettelli na wenzake waliwazalisha wakiwa na seli T zilizoelekezwa kwenye protini moja iliyo kwenye tabaka la nje kabisa la mayelini, iitwayo MOG, na kuwaeleza mwaka 2003. Hawakuchomwa chochote. Hata hivyo zaidi ya asilimia 30 walivimba neva za macho, wenyewe kwa wenyewe. Miaka mitatu baadaye, walipozalishwa wengine wenye seli T na pia seli za kingamwili zinazolenga MOG, ugonjwa ukashika neva za macho na uti wa mgongo kwa pamoja. Ramani ile ile ya Devic. Mlezi hakuguswa kwanza. Safari hii aliyelengwa ni mayelini yenyewe.

Wataalamu wakatafuta kingamwili dhidi ya MOG katika damu za wagonjwa ambao kipimo cha kwanza kiliwakana. Wakazikuta, kwa watu wazima na hata kwa watoto wadogo. Kilichobaki kilikuwa kazi inayojulikana: zichuje, zipeleke kwa panya, toa hukumu.

Wakazichuja. Wakazidondosha juu ya MOG ya panya, wakaosha, wakatazama.

Nyingi kati yake hazikuitambua.

*Itaendelea.*